Muziki Ukilia, Mtu Haachi

9 Novemba 1925, Jumatatu

Hanne amepata! Mdogo wangu, muuza glavu, aliyekuja studio kuniletea mkate niliousahau mezani, ndiye atakayekuwa binti wa msaga nafaka katika filamu mpya ya mwongozaji wetu, Daktari Velten. Hata uso wake hakuutazama kwanza. Hanne alikuwa mlangoni anakung'uta mwavuli, ametupa mgongo, na Velten akanyanyua kidole: "Usigeuke." Akakitazama kisogo cha mdogo wangu kwa muda ambao mwanamume mwingine angekuwa ameshachapwa kofi. Kisha akasema, "Huyu."

Tulicheza dansi jikoni mpaka Bibi Puhlmann, mwenye nyumba wetu, akagonga dari lake kwa ufagio. Tulipomweleza kupitia ngazi, akasema, "Filamu? Afadhali glavu. Glavu hukaa mkononi."

12 Novemba

Mvua. Kuta za studio zimepakwa rangi jana na hazikauki.

16 Novemba

Niandike namna Velten anavyofanya kazi, maana nikizeeka watu watasema natia chumvi.

Hataki taa itengeneze kivuli. Kivuli cha taa, anasema, humfuata mtu, na yeye anataka kivuli kinachomsubiri mtu. Kwa hiyo wachoraji wanavipaka vivuli ukutani kwa rangi nyeusi kabla mwigizaji hajafika, na Hanne anafundishwa kutembea polepole mpaka akikute chake na kusimama ndani yake. Hapendi vibao vya maneno vinavyokatiza picha ili watu wasome. Filamu nzima itakuwa na vitatu, labda viwili. Anapenda migongo. Na mtu akishatoka chumbani, pale ambapo waongozaji wengine hukata, yeye huiacha kamera ikitazama chumba kitupu, kiti, mlango, mpaka unaanza kukiogopa kiti. Nimepigia kinanda waongozaji sita katika studio hii na sijaona mwingine anayejua kwamba hofu ni subira.

Watu wa nje hucheka wakisikia kazi yangu. Filamu haina sauti, kinanda cha nini? Lakini mwigizaji ana masikio. Waongozaji wengine hupaza sauti kamera ikizunguka: lia, cheka, anguka! Velten hasemi neno. Anaongoza kwa kinanda changu tu, na kanuni yake ni moja: muziki ukilia, mtu haachi, muziki ukikoma, mtu yuko huru. Leo yule anayecheza baba alibanwa na pumu katikati, akaendelea kusimama wima, macho yamemtoka, mpaka nilipoinua vidole. Kisha akatuomba radhi kwa kukohoa.

Hadithi yenyewe ni ya kutisha. Mto unakauka, gurudumu la kinu linasimama, na msaga nafaka anamwoza binti yake kwa mto ili maji yarudi.

20 Novemba

Hanne hakulia. Siku nzima. Nilimpigia kila kitu cha huzuni ninachokijua, na yeye akakunja uso kama mtu anayetafuta chawa. Mzee Krahl, anayezungusha mkono wa kamera, mtu wa Berlin asiyeacha mzaha hata msibani, akamwambia, "Binti, mfikirie kodi ya nyumba. Mimi hulia hapo hapo."

Velten hakucheka. Alisema Jumatatu ataamua kama ambakize.

Njia nzima ya kurudi Hanne alitazama nje ya dirisha la treni. Tulipofika akasema, "Dada, nikirudi kwenye glavu nitakufa." Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini sijawahi kumwona anataka kitu hivi.

22 Novemba, Jumapili

Velten alinikaribisha kahawa. Alikata keki kwa mkono wake, akanipa kipande chenye plamu nyingi. Ana sauti ya chini, mikono safi, na unapoongea anakutazama kama hakuna mtu mwingine Ujerumani nzima. Akauliza, "Bi Ottilie, wewe umemlea. Ni wimbo gani unaomliza Hanne kwa kweli?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mama yetu alikuwa na wimbo wake wa kuvumisha midomo imefumbwa, hauna maneno, alijitungia mwenyewe akimenya viazi. Siku ya mwisho ya homa ile kubwa ya mwaka wa 1918 alikuwa anauimba kitandani, akaukatiza katikati, na Hanne, mtoto wa miaka kumi na miwili, akabaki anasubiri amalizie. Hakumalizia. Tangu hapo hatujauimba nyumbani.

Nikasimama, nikaenda kwenye piano yake, nikampigia. Mpaka pale unapokatika.

Velten alifumba macho. "Asante," alisema. "Tena, tafadhali." Nikarudia mara kadhaa. Nilifanya kwa ajili ya Hanne, na nitamwambia hivyo hivyo.

23 Novemba

Sikumwambia kabla. Velten alisema akijua mapema uso utaharibika.

Hanne alikuwa amesimama ndani ya kivuli chake ukutani, mgongo kwetu, na nikaanza. Niliona mabega yake yakikaza. Aligeuka, na uso ule sikuwahi kuuona tangu mwaka wa kumi na nane. Hakulia kama waigizaji. Mdomo ulifunguka kidogo, akawa anasubiri, na machozi yakashuka yenyewe. Krahl alizungusha bila mzaha. Nilipoinua vidole, hata maseremala walikuwa wameshusha nyundo.

Hanne alikuja moja kwa moja kwangu. Nikajiandaa kupigwa kofi. Akanikumbatia. "Mbona hukufikiria mapema, mjinga wewe?" akasema.

Nafasi ni yake.

1 Desemba

Ukungu. Wimbo wa Mama mara tisa.

4 Desemba

Ukungu bado. Wimbo mara kumi na moja. Hanne sasa huanza kulia nikiweka tu miguu kwenye vikanyagio.

11 Desemba

Bibi Puhlmann alinisimamisha kwenye ngazi. "Huyo mdogo wako anakula?" Nikasema anakula. "Basi chakula kinapitia wapi? Mabega yake yamebaki kitundikio." Velten amemwomba apungue kidogo; bibi harusi wa mto, anasema, lazima aonekane ameshaanza kuondoka. Hanne ananisogezea viazi vyake chini kwa chini, mimi namrudishia, ndivyo tunavyokula siku hizi.

15 Desemba

Leo nilikuwa naosha vyombo na bila kujua nikaanza kuuvumisha ule wimbo. Hanne alikuwa anashona. Alidondosha sindano, akasimama wima katikati ya jikoni, mikono chini, kidevu juu, akingoja. Hakuwa anatania. Niliponyamaza akaketi tena, akatafuta sindano.

24 Desemba

Krismasi. Samaki na saladi ya viazi. Hanne alikula samaki nusu, akasema ni sikukuu.

28 Desemba

Gauni jeupe la harusi lilichafuliwa na rangi ya kivuli ukutani, na Velten analitaka kesho asubuhi. Nililifua na kulitundika uani, kwenye kamba. Bibi Puhlmann alitoka na viatu vya ndani kwenye theluji.

"Anua!"

"Ni gauni la kazi, Bibi Puhlmann."

"Hata likiwa la malkia. Kati ya Krismasi na mwaka mpya hakuna anayetundika nguo katika nyumba hii. Nguo nyeupe ndiyo usiseme kabisa. Unataka nani azikwe, mimi?"

Nilianua nikacheka, nikalikausha juu ya jiko. Lakini alikuwa amekwisha kuliona, na akaufunga mlango wake kwa ufunguo mara mbili. Mimi si mtu wa ushirikina. Kanuni ninazo za kazini, zinanitosha.

9 Januari 1926

Tulioneshwa vipande vilivyokwisha safishwa. Nilikaa kati ya Hanne na Krahl, gizani.

Sina budi kusema kweli: ni kazi kubwa. Kuna kipande ambamo baba anamfungia binti kilemba cha harusi, wote wametupa mgongo, wala hakuna kinachotokea. Kisha wanatoka. Chumba kinabaki. Kivuli cha Hanne kinabaki ukutani bila Hanne, maana ni cha rangi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini alikataa taa. Msichana ameondoka na kivuli hakijui. Mwingine yeyote angetuonesha jini. Velten ametuonesha ukuta.

Taa zilipowaka Hanne alikuwa anang'aa. "Yule ni mimi, dada?" akauliza. Velten alimjibu kutoka nyuma, kwa upole, "Bado. Tunangoja barafu."

Krahl aliwasha kiko. "Uzuri wa mkakasi," akaniambia chini chini, "ndani kipande cha mti." Nikamwambia ana wivu.

14 Januari

Barafu nyembamba. Velten amefika mwenyewe na fimbo kwenye ziwa litakaloigizwa kuwa mto, anaigonga.

18 Januari

Nyembamba.

25 Januari

Kumeyeyuka tena. Hanne ana mafua. Nilimwomba Velten onyesho la mto tulifanyie studio, kwenye pipa, kwa maji ya moto. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bi Ottilie, wewe ungeimba wimbo wa mama yako kwa maneno ya mtu mwingine?" Nilipofika nyumbani ndipo nilipopata jibu, kwamba maji si wimbo, ila alikuwa ameshaniaga.

30 Januari

Baridi imeshuka ghafla. Ndege wanaanguka. Hanne anaimba akichana nywele, mafua yamepona, anasema.

3 Februari, Jumatano

Naandika yote kwa mfuatano, vinginevyo nitaanza kujitetea.

Tulifika ziwani kumekucha, anga nyeupe. Wametoboa shimo kubwa kwenye barafu karibu na ukingo na kuweka ubao chini ya maji, ili Hanne asimame maji yakimfika kifuani. Niseme haki: Velten alikuwa ameandaa kila kitu. Blanketi, muuguzi, chai, brandi, jiko la makaa ndani ya hema. Nilipoliona jiko lile moyo ulitulia. Kinanda changu kilikuwa juu ya mbao, hatua chache kutoka majini.

Onyesho ni hili: bibi harusi anaingia mtoni, anasimama, anageuka kukitazama kinu, yaani upande wa kamera. Basi. Na kamera inamtazama.

Mara ya kwanza aliingia akashtuka, akapiga ukelele, sote tukacheka na yeye akacheka. Akatolewa, akafungwa blanketi, akanywa. Mara ya pili wingu lilipita. Alipokuwa kwenye hema nilimwambia, "Hanne, imetosha, mwambie hutaki." Meno yalikuwa yanamgonga. "We dada, nenda kapige kinanda chako," akasema. "Nilikuwa nauza glavu, unakumbuka? Hakuna aliyenitazama."

Mara ya tatu hakushtuka. Aliingia kama anaingia chumbani kwake. Alisimama, akageuka. Nikapiga wimbo wa Mama, vidole vimekufa ganzi. Krahl alikuwa anazungusha, jicho kwenye kioo, na nikamsikia anasema, "Midomo imekuwa ya buluu, Bwana Daktari."

Filamu hii yetu haiuoni ubuluu. Wekundu huugeuza mweusi, na buluu huigeuza nyeupe. Kila anayewapaka waigizaji poda anajua. Velten alikuwa anatafuta midomo myeupe tangu Novemba, na hakuna poda iliyompa.

Alivunja desturi yake ya kutosema neno, akaninong'oneza mimi, kamera ikizunguka. "Endelea, Bi Ottilie. Sasa ndiyo kwanza anafika."

Nikaendelea. Nilifika pale wimbo unapokatika, nikarudi mwanzo. Hanne alikuwa hatetemeki tena. Nilijua maana yake, mtu yeyote aliyelelewa kando ya maji ya baridi anajua: mwili umeacha kupigana na baridi. Nikafika pale unapokatika mara ya pili, na nikainua vidole.

Kimya. Niliona Hanne anasikia kimya kile. Macho yake yalinitafuta, bega likasogea, akaanza kugeuka kuja ukingoni, yuko huru.

Na Velten akapiga mluzi.

Alipiga wimbo wa Mama, sauti kwa sauti, bila kukosea, na pale Mama alipokuwa akipumua naye akapumua. Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Hanne alisimama. Alikigeukia kinu tena, mikono chini, kidevu juu.

Nikapiga kelele aache. Hakuacha, wala hakunitazama, alikuwa anautazama uso wa Hanne. Krahl alikuwa analia na anazungusha. Baadaye aliniambia, "Mkono haukunisikia, Tilli. Miaka ishirini unasikiliza muziki, si mimi." Nikakimbia. Nilianguka kwenye barafu, nikainuka, nikajitupa majini na nguo zangu zote mbele ya kamera, nikamkumbatia kiunoni. Alikuwa mzito, na hakunisaidia.

Muuguzi alipomfunga, Hanne alisogeza midomo. Nikainama nisikie.

"Umeniharibia, dada," akasema.

Velten alikuja akatuvulia kofia. Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku ile ya keki. "Hujaharibu kitu, Bi Ottilie. Nilikuwa nimeshapata."

5 Februari

Homa. Kichomi, pande zote mbili.

6 Februari

Homa.

11 Februari

Velten ametuma maua meupe hospitalini. Nimeyatupa. Hanne aliniuliza yako wapi, nikayaokota kwenye ndoo, nikayaosha na kuyarudisha.

20 Februari

Nimeacha kazi. Krahl alikuja na chungu cha supu ya kuku aliyoipika mkewe. Tukaketi jikoni. Nikamwuliza kama alikuwa anajua tangu mwanzo yule ni mtu wa namna gani. "Anajua kuona," Krahl akasema. "Hukunisikia? Kuona tu. Sasa wewe ulitaka na moyo aupate wapi?" Nikasema mimi nilikuwa na moyo, na wimbo nilimpa mimi. Krahl akasogeza bakuli karibu yangu. "Kula, supu itapoa."

8 Machi

Wamemhamishia hospitali ya wagonjwa wa kifua, msituni. Kuna misonobari na viti vya kulalia barazani. Tabibu ni kijana, anazungumza haraka. Aliniambia kwenye ngazi kwamba pafu la kushoto halifai tena, na la kulia si la kulitegemea, na kwamba nisipange mambo ya kiangazi. Bibi Puhlmann alinisubiri mlangoni niliporudi. Hakusema lolote kuhusu gauni. Alinishika mkono tukapanda pamoja.

17 Machi

Mvua. Hanne amekula yai.

26 Machi

Hanne anauliza kila nikienda: wameshakata? Wameshapaka rangi ya usiku? Nimejaribu kumweleza juu ya Velten, juu ya mluzi. Ananisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Kisha akasema, "Ungekuwa wewe uliyetazamwa hivyo, hata mara moja tu, ungenielewa." Nilihuzunika zaidi kwa kuwa hakusema kwa ukali.

Amenituma nikaione filamu kwa niaba yake. Niliapa sitatia mguu. Nitaenda.

8 Aprili, Alhamisi

Nimeenda. Jumba la sinema lilijaa, okestra kamili, watu wamevaa vya sherehe. Nilikaa pembeni, nikiwa nimekaza ngumi. Nilikuja kuchukia.

Sitaki kuandika na lazima niandike. Kwa nusu ya kwanza nilichukia vizuri. Niliona kila siku ya kazi: hapa alikuwa hajala, hapa nilipiga wimbo mara kumi na moja. Kisha kile chumba kitupu, na kivuli ukutani, na mwanamke aliyekaa mbele yangu akajishika shingo. Nikamwona jinsi anavyoogopa, nami nikaogopa naye, na tangu hapo sikuwa tena studio.

Akaingia mtoni. Wamepaka filamu buluu ya usiku, na ile asubuhi nyeupe imekuwa usiku ambao sijawahi kuuona popote. Okestra ilikuwa inapiga kitu kingine, wimbo wa Mama haumo, hakuna atakayeusikia kamwe. Alisimama, akageuka, midomo myeupe, akatutazama. Hakuna kibao cha maneno. Hakuna kitu. Anatutazama tu, anatusamehe kabla hatujatenda, na kamera haiondoki. Jumba zima lilikuwa halipumui. Bega lake likasogea, kama anataka kurudi, kisha akakigeukia kinu tena, na pale niliposikia mluzi ule, ukumbi mzima uliona msichana anayekubali kifo. Mtu alilia kwa sauti.

Kisha ikakatika. Ghafla, kabla hujashiba, ikaja picha ya gurudumu linazunguka. Ni mimi tu katika jumba lile niliyejua kwa nini imekatika pale: kwenye fremu inayofuata kuna mwanamke anayeanguka kwenye barafu na kuinuka. Nami nilimkasirikia. Kwa muda wa pumzi moja nilimkasirikia yule mwanamke kwa roho yangu yote, nikatamani asingekuja, nikatamani amwache msichana pale majini kidogo tu zaidi.

Watu walisimama kupiga makofi. Nilikuwa nimeshasimama.

9 Aprili

Jua. Hanne alikuwa barazani, blanketi hadi kidevuni. Amebaki macho tu.

"Sema basi," akasema. "Usinifiche."

Nilikuwa nimepanga maneno kwenye treni. Kwamba ni filamu tu. Kwamba watu waligunaguna.

"Ni nzuri," nikasema. "Hanne, ni nzuri mno."

"Na kile cha majini? Ni kirefu?"

"Si kirefu."

"Kwa sababu uliingia."

"Kwa sababu niliingia."

Akavuta pumzi fupi fupi. "Usingeingia, ingekuwaje?"

Nilimtazama mdogo wangu, mifupa ya mashavu, midomo. Hakuna mtu duniani ambaye ningemdanganya kwa urahisi zaidi, na sikuweza.

"Ingekuwa nzuri zaidi," nikasema.

Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Februari, akautoa mkono wake chini ya blanketi, akanishika. "Basi sasa umeona," akasema. Halafu kikohozi kikamkamata, nikamshikia beseni mpaka kikaisha.